Moto wa Injini, kwa Heshima na Taadhima

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kihistoria. Phanice Robi, binti wa marehemu kaka yangu, amewasili Ntimaru kutoka Nairobi akiwa na begi moja na habari moja. Shirika la ndege limemwajiri kuwa rubani msaidizi! Mafunzo ya waajiriwa wapya yanaanza Jumatatu tarehe 18. Ila kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 14, Kapteni mmoja wa shirika atamhoji kwa simu ya video. Akifaulu, anaingia darasani. Akishindwa, nafasi yake anapewa anayefuata katika orodha, na orodha ni ndefu.

Mama yake, shemeji yangu Mellen, alilia, akacheka, kisha akaenda kukamata kuku.

Mimi sikulia. Niliuliza swali la msingi: je, kutakuwa na sherehe? Kutakuwa nayo. Mafunzo yakiisha, kila rubani mpya hualika mgeni mmoja. Mgeni huyo humbandika beji ya mabawa kifuani, kisha hupewa kiti katika safari ya kwanza ya rubani huyo. Mmoja tu!

Mimi, Jeremiah Gisiri, mwandishi wa barua rasmi na maombi ya kila aina, mwenye meza yake barazani pa kinu cha unga mkabala na ofisi ya chifu, sijawahi kupanda ndege. Mellen si mshindani; hapandi hata ngazi ya ghala la mahindi. Mshindani ni Elkanah Nyamongo, kaka yake Mellen, dereva wa lori la miwa kule Awendo. Mjomba! Mtu afunguaye bahasha kwa meno.

Nimejiteua Msimamizi wa Masomo. Barua ya uteuzi nimeiandika, nikaitia sahihi, kisha nikajijibu kwamba nimeipokea. Nakala: Phanice, Mellen, Elkanah.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekagua vifaa vya masomo. Kifaa cha kwanza: picha ya chumba cha rubani, kubwa kama shuka, yenye vitufe vyote. Tumeitundika ghalani. Phanice huketi mbele yake kwenye gunia na kupeleka mkono toka kitufe hadi kitufe, kwa mpangilio uleule, macho yamefumbwa. Kifaa cha pili: kadi mia moja na ishirini, alizozinakili kwa mkono wake kutoka kitabu cha shirika, ambacho hakiruhusiwi kutoka ofisini. Kumi na mbili kati yake zina mstari mwekundu. Hizo ni za dharura. Lazima azikariri neno kwa neno, na Kapteni ataanzia hapo.

Nilichukua gunia la kushoto. Phanice alisema kushoto hukaa kapteni. Nikamwambia ndiyo sababu. Nikauliza kapteni ana kazi gani wakati huu. Akasema kazi yake ni kusikiliza na kurudia anachoambiwa. Nikahamia kwenye kiti cha nje.

Kisha nikazisoma kadi za dharura. Aibu! Zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapa natoa tafsiri yangu. Moto wa injini: "Mkono wa nguvu: rudisha. Mafuta: kata. Kipini cha moto: vuta." Basi! Hakuna salamu. Hakuna kichwa cha habari. Hakuna sababu za ombi. Watu wazima waliosoma wanaamrishana kama wachungaji wa ndama. Nilimwuliza Phanice kama kapteni hakasiriki. Akasema, "Baba Mdogo, moto ukiwaka hakuna mtu wa kukasirika."

Nimeliweka jambo hili akilini.

Jumatano, 6 Agosti

Elkanah amefika na lori zima, makapi ya miwa yakidondoka njiani kama harusi. Alimkumbatia Phanice, akamwinua juu, akamwita "rubani ya mjomba". Nilimsahihisha. Hakusikia.

Akaona picha ghalani, akacheka. Alisema mtoto hawezi kujifunza kuendesha kitu akiwa amekalia mahindi. Alipendekeza picha ibandikwe kwenye kioo cha mbele cha lori, ndani, Phanice aketi kulia na yeye kushoto, wafanye kama yeye na msaidizi wake wa lori, tanboi, wanavyorudisha lori nyuma shambani. Tanboi husimama nyuma na kupaza sauti: "Njoo!" Dereva hujibu: "Naja!" "Kata kushoto!" "Kushoto!" "Simama!" "Nimesimama!" Elkanah anasema usiporudia neno la tanboi unakanyaga mtu, na ukiongeza neno lako pia unakanyaga mtu.

Nilipinga kwa maandishi, aya nne. Aliisoma ya kwanza, akaniambia, "Shemeji Gisiri, maneno yako ni mingi kama miwa. Ikatwe, tupeleke kiwandani."

Phanice alicheka kupita kiasi. Wakaingia lorini. Nilisikia wakipiga kelele humo saa nzima, "Kushoto!" "Kushoto, sawa!" kama mnada wa ng'ombe.

Nahitaji hatua kubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Hatua kubwa imechukuliwa! Nimempeleka Phanice kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Homa Bay, ili aitazame ndege halisi kwa karibu. Elkanah ana lori. Mimi nina ombi rasmi. Kurasa tatu. YAHUSU: OMBI LA KURUHUSIWA KUITAZAMA NDEGE BILA KUIGUSA. Nilieleza ukoo wetu, elimu ya Phanice, na hali ya hewa. Mwishoni nikaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne za kazi.

Ombi lisilo na viambatisho ni kama ng'ombe asiye na mkia. Kwa hiyo nilichukua kadi kumi na mbili za mstari mwekundu na kuzibana kwa pini: Kiambatisho A hadi L. Sikumtaarifu mhusika. Uthibitisho wa nia haupaswi kutangazwa.

Langoni tulimkuta askari aitwaye Maurice. Nilisafisha koo. Kabla sijafika kwenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu", Phanice, aliyesoma sekondari Migori mjini, alimwamkia kwa Kijaluo: "Oyawore." Maurice akajibu, "Oyawore ahinya," akamwuliza ni binti wa wapi, wakacheka, akamfungulia. Rubani wa ndege ndogo iliyokuwa imetua akamruhusu achungulie ndani.

Maurice akanishikia lango na mimi. Nilikataa. Singeweza kuingia wakati ombi langu lilikuwa bado linashughulikiwa. Nilimkabidhi faili, nikamtaka atie sahihi ya kupokea, nikasimama juani nje ya uzio kwa dakika arobaini na tano.

Faili limewekwa kwenye droo ya mkubwa wake. Kazi safi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Mellen ni Msabato wa kweli. Siku hii hakuna kadi, hakuna picha, hakuna lori. Tulikwenda kanisani sote. Katikati ya wimbo wa pili nilikumbuka jambo. Viambatisho havirudishwi hadi ombi lijibiwe. Siku kumi na nne za kazi kutoka jana ni tarehe 28. Mahojiano ni tarehe 14.

Niliimba beti zilizobaki kwa sauti ya chini sana.

Baada ya chakula nilijifungia chumbani. Niliamua kuziandika kadi upya kutoka kichwani mwangu. Nilizisoma mara mbili, na kumbukumbu yangu inajulikana tarafa nzima. Kuandika si kazi ikiwa mtu anaandika kwa majuto. Na kwa kuwa naandika upya, kwa nini nirudie makosa ya kitabu? Mungu amefungua mlango ambao shirika liliufunga! Nimetumia Kiingereza changu cha maombi, ambacho hapa nakitafsiri:

"MOTO WA INJINI. Kwa heshima na taadhima, na bila kuathiri kwa namna yoyote haki za injini ya pili, ninaomba idhini yako kuurudisha mkono wa nguvu wa injini inayolalamikiwa. Endapo moto utaendelea, nitalazimika, kwa masikitiko, kukata mafuta. Natanguliza shukrani."

Nilisoma kwa sauti. Nikasisimka.

Jumapili, 10 Agosti

Kadi mpya nimezichomeka katikati ya zile nyingine. Mstari mwekundu nimeuchora kwa rula. Phanice alikwenda Kegonga kumwona bibi yake, hakuzigusa.

Simu yangu imenikaribisha Tanzania mara tatu kabla ya chai. Hapa nyumbani bondeni, karibu na mpaka, mtandao wetu ni wa kubahatisha. Nimeandika barua kuhusu hilo pia.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya, kwa sababu zisizonihusu sana.

Asubuhi Phanice aliketi ghalani, akavuta kadi ya moto, akasoma. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Alimwita mama yake, wakacheka wote. Nilianza kuinama kidogo, kama mtu anayepongezwa. Kisha akaniomba zile kadi zenyewe.

Nilimweleza kuhusu Kiambatisho A hadi L.

 Alinitazama jinsi rubani anavyoweza kutazama kipimo cha mafuta kilichofika sifuri. Akasema saba anazijua moyoni, tano bado. Nikamtia moyo azitumie zangu. Akafumba macho, akajaribu moja ya zile saba anazozijua, ya moshi ndani ya ndege. Mkono ulikwenda vizuri. Mdomo ukasema: "Barakoa: vaa, tafadhali." Akafumbua macho. Akajaribu tena. "Barakoa: vaa, kwa masikitiko."

Machozi yakamlengalenga. Hakuna aliyecheka. Alisema amesomea miaka minne, amefagia ofisi za watu mchana na kusoma mitihani alfajiri, na sasa kichwani mwake kuna mzee anaomba idhini.

Nilitoka nje nikatazama migomba. Nakiri hapa, na hapa pekee, kwamba nilijisikia vibaya kuanzia saa tano hadi saa saba kasorobo.

Nilipendekeza barua ya dharura kwenda Homa Bay, ya kuomba kuharakishwa kwa jibu. Mellen alinipokonya kalamu. Sijawahi kupokonywa kalamu! Akapanda hadi kwenye mwinuko wa shule, ambako mtandao wetu unashika, akampigia Elkanah.

Jumanne, 12 Agosti

Elkanah alifika saa tisa alasiri. Kadi zote kumi na mbili mkononi, zimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Alikuwa ametoka Awendo alfajiri, akamkuta Maurice langoni, akamwambia mtoto wa dada yake anazihitaji. Maurice akafungua droo. Hayo tu! Hakuna barua, hakuna sahihi, hakuna hata karatasi ya kuonyesha kwamba kitu kimetoka mahali kikaenda mahali.

Nilimwuliza kuhusu ombi lenyewe. Alisema Maurice amenisalimia na kusema ombi bado linashughulikiwa. Alau mtu mmoja anafuata utaratibu.

Phanice alizibusu kadi. Alimbusu mjomba. Mimi alinipa mkono, kwa adabu.

Jumatano, 13 Agosti

Lori limeegeshwa kwenye mwinuko wa shule tangu asubuhi, picha imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Elkanah ameomba ruhusa kazini. Wanafanya kadi za dharura moja baada ya nyingine, kwa mtindo wa tanboi. Phanice anasema, Elkanah anarudia.

"Mkono wa nguvu wa kushoto!"

"Wa kushoto, sawa!"

"Rudisha!"

"Imerudi!"

Mara mbili Elkanah alirudia upande usio sahihi kwa makusudi, akamtega. Phanice alimshika mara zote mbili, mkono ukisita hewani kabla ya kugusa. Alinieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba hapo ndipo watu hufa: injini ya kushoto inawaka, mtu mwenye haraka anazima ya kulia. Ndiyo maana neno ni moja na linarudiwa.

Nilipima muda kwa saa yangu. Mtindo wa lori: sekunde kumi na moja. Kwa ajili ya haki niliisoma kadi yangu pia, kwa mwendo wa heshima, nikitua kwenye kila koma. Dakika mbili na sekunde nne. Elkanah alisema kufikia "natanguliza shukrani" abiria tayari wangekuwa wanazungumza na Mtume Petro. Nilimjibu kwamba wangefika wakiwa wamehudumiwa kwa heshima.

Ila kuanzia saa nane Phanice hakusema "tafadhali" hata mara moja. Nilihesabu. Kulikuwa na uchungu ndani yake, na pia, sijui kwa nini, furaha.

Hata hivyo, suala la mgeni mmoja halijafungwa. Nina mpango wa kesho.

Alhamisi, 14 Agosti

Mahojiano! Saa nne kamili. Phanice ndani ya lori, kiti cha kulia, simu imesimamishwa kwenye dashibodi. Elkanah aliambiwa ashuke, kwa kuwa mtahiniwa lazima awe peke yake. Alisimama mbali na Mellen, wameshikana mikono.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kapteni akiona nyuma ya mtahiniwa mtu mzima mwenye tai, atauliza ni nani. Phanice atalazimika kusema: Msimamizi wa Masomo. Likishatamkwa mbele ya shirika, limekuwa rasmi. Kwa hiyo nilisimama kwenye kidaraja cha lori, nje ya dirisha la kulia, kifua kikionekana kiooni.

Kapteni ni mwanamke, Priscah Nyatichi, mwenye miwani na sauti kavu. Hakusalimia kwa zaidi ya neno moja. Alisema: injini ya kushoto, moto, anza.

"Mkono wa nguvu wa kushoto..." alianza Phanice.

Na mimi, Mungu ni shahidi, sikukusudia. Miaka ishirini na sita ya kuandika maombi ina nguvu zake. Nilisikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti kamili: "KWA HESHIMA NA TAADHIMA!"

Mguu ukateleza. Niliingiza mkono dirishani nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, nacho kilikuwa honi. Honi ya lori la miwa si honi ya kawaida. Ng'ombe wa jirani walivunja ua. Kijiji kizima kilitoka nje.

Phanice hakugeuka. Hakusita. Sauti yake ilipita katikati ya honi kama kisu: upande, mkono wa nguvu, mafuta, kipini. Kila kimoja akathibitisha upande mara mbili, akijijibu mwenyewe. Mkono wake ulitua kwenye picha pale palipotakiwa. Nililala chini, nikisikiliza hayo yote kutoka kwenye nyasi.

 Kapteni akauliza ile ilikuwa nini.

"Ni baba yangu mdogo, Kapteni," akasema Phanice. "Ameanguka. Niendelee na kadi inayofuata?"

Nikasikia sauti kavu ikicheka. Kapteni alisema ametahini watu kumi na wanane wiki hii, wote katika vyumba tulivu, na huyu ndiye wa kwanza aliyezima moto huku lori likimpigia kelele. Alimwuliza zile kumi na moja zilizobaki. Zote sawa. Akamwambia wataonana Jumatatu, na alete viatu visivyo na kisigino.

Mellen alipiga vigelegele hadi Tanzania ikasikia. Elkanah alilia waziwazi, akipangusa uso kwa kitambaa cha mafuta. Nilisimama, nikajikung'uta, nikawajulisha wote kwamba usumbufu ule ulikuwa sehemu ya mtaala.

Ijumaa, 15 Agosti

Phanice ameondoka. Mkono wake ulikuwa begani pa mama yake wakati wote wa chai.

Kabla ya kuondoka alitangaza mgeni wake. Elkanah alivuta pumzi. Mimi nilinyoosha tai. Akasema, "Mama."

Nilikumbusha kikao kuhusu ngazi ya ghala. Mellen alisema ngazi ile ni ya seremala asiyemjua, lakini ndege hii itashikwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe, atapanda. Halafu akaondoka haraka jikoni, nikamsikia akicheka peke yake kama msichana.

Elkanah alinipiga mgongoni, akasema, "Shemeji, mimi na wewe tutapungia mkono kutoka chini." Alinipa muwa. Tuliutafuna pamoja kwenye kidaraja cha lori. Alimenya kwa meno. Nilimenya kwa kisu. Haikuwa asubuhi mbaya.

Phanice aliponiaga alinikumbatia. Akaninong'oneza, "Baba Mdogo, nimekariri kwa sababu yako pia. Ila usiguse kadi zangu tena." Nilimwahidi. Kwa mdomo tu, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuandaa hati.

Jumapili, 17 Agosti

Ujumbe kutoka Nairobi, mchana. Phanice amehesabu kadi za dharura: ziko kumi na moja. Anauliza kama Kiambatisho G, ile ya moshi, imebaki kwangu. Kesho saa mbili ndipo darasa linaanza. Anaomba niipige picha na kumtumia sasa hivi, kama ilivyo.

Nimeikuta ndani ya shajara hii. Niliitumia kuwekea alama ukurasa wa Alhamisi.

Nitampigia picha, bila shaka. Mimi si mtu wa kumwangusha mtoto wa kaka yangu. Ila picha isiyo na barua ya kuisindikiza ni uhuni, hivyo nimeandika barua fupi, kurasa mbili. Na nikiwa na kalamu mkononi nimeisoma kadi kwa mara ya mwisho. Mistari minne, na bado hakuna anayemsalimia mwenzake.

Nimeigusa mahali pawili tu. Hataona.